Tatizo si mazimwi, ni umri wa anayecheza

Mwandishi mmoja anataka vibanda vya gemu hapa Malindi vifungwe kwa kuwa watoto wanacheza michezo yenye mashetani na mazimwi. Hapo sikubaliani naye. Hadithi za majini na mazimwi tumelelewa nazo, na mabibi zetu ndio waliotusimulia. Kinachoniuma ni kumkuta mtoto wa darasa la nne kule Maweni anacheza Diablo IV, gemu ambayo Ulaya PEGI, mfumo wa kupanga umri wa wachezaji, umeipa 18, na Marekani ESRB, mfumo kama huo, umeipa M, yaani miaka 17 kwenda juu. Humo mna damu, mateso, miili iliyokatwakatwa. Mifumo yenyewe haiafikiani kila mara (gemu ya Elden Ring ya 2022 ni 16 Ulaya, 17 Marekani), lakini mzazi wa huko angalau anaiona namba kwenye kasha. Kwetu mtoto analipia dakika zake, gemu tayari imo kwenye mashine, kasha halijui. Wenye vibanda, tafadhalini, bandikeni ukutani umri wa kila gemu, kwa Kiswahili, na wakija wadogo wawekeeni gemu ya mpira. Nasi wazazi tupite jioni tuchungulie wanacheza nini.