Jirani Yangu Alijua

Barua pepe ilianza kwa kunisifu. "Msomi mashuhuri," ndivyo ilivyoniita, mimi niliyekuwa mhadhiri wa muda, asubuhi nafundisha katikati ya jiji, jioni nakimbilia bewa jingine kwenye Barabara ya Thika, chakula changu cha mchana mahindi ya kuchoma ndani ya matatu. Jarida lao lilikuwa "la kimataifa". Walitaka makala na dola 180. Siku ya tatu nikajulishwa kwamba makala yamekubaliwa bila nukta kuguswa, na mle ndani mlikuwa na sentensi niliyoikatiza katikati nikasahau kuimalizia. Ilichapishwa hivyo hivyo. Bado iko huko, inaning'inia.

Nilipokuja kuomba kupandishwa cheo, kamati iliyatupa makala yale: jarida lilikuwa la kitapeli, linachapisha chochote mradi umelipa. Nikarudi ofisini nimenywea. Mwenzangu wa mlango wa pili akaniuliza ni jarida gani. Nilipolitaja akacheka, kile kicheko cha mtu aliyejikwaa hadharani.

"Hao hata mimi walinila," akasema. "Mwaka mmoja kabla yako."

Mwaka mmoja! Na birika la chai tunatumia moja.

Kinyongo nilikuwa nacho, kikaisha, kwa sababu nilijiuliza: je, mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia nani? Hakuna. Ukishaitwa Daktari, kukiri kwamba ulitapeliwa kwa barua pepe ni kama kuvuka Moi Avenue mchana umevaa taulo. Kwa hiyo tunanyamaza, na wanaokuja nyuma yetu wanatumbukia shimo lile lile. Mwaka 2025 sisi wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma tuligoma wiki 7 kudai pesa za mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021, tukaimba, tukaitana ndugu. Mgomo ukaisha, kila mtu akarudi kujifungia na siri zake.

Na siri zenyewe, yaani yale tuliyojifunza kwa kuumia, si elimu ya juu sana. Tangu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa vigezo vya ajira na vyeo mwaka 2014, machapisho ndiyo mizani yetu, na mwenye haraka ndiye mnono kwa matapeli. Zamani kulikuwa na orodha ya Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, ya majarida ya kutiliwa shaka, lakini aliiondoa mtandaoni Januari 2017. Siku hizi mimi hufanya hivi: jarida likidai limo katika Scopus au DOAJ, zile orodha za mtandaoni za majarida yaliyochujwa, siamini nembo iliyobandikwa kwenye tovuti yake. Naingia huko Scopus au DOAJ kwenyewe, nalitafuta kwa nambari yake ya ISSN, maana jina huibwa. Kisha naandikia mmoja wa wahariri waliotajwa, kwa anwani ya chuo chake. Kuna profesa mmoja aliyenijibu kwamba hajui kabisa kuwa yeye ni mhariri wa jarida hilo. Dakika 20 zote hizo, na zingeniokolea dola 180.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, nacho kina mpangilio wake. Barua ya kamati ya maadili ya utafiti hutangulia, na kibali kikishatoka bado unapaswa kujitambulisha kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla ya kuanza kuhoji watu. Nimeona mwanafunzi wa uzamifu akirudishwa Nairobi na nauli imekwisha, kwa sababu msimamizi wake alidhani anajua.

Halafu alama. Hapa nitasimama kidogo, maana sijaona kitu kinachowaliza wanafunzi wetu kama alama zilizopotea. Mtu amemaliza miaka 4, gauni la mahafali ameshaulizia bei, jina halimo kwenye orodha kwa sababu ya somo moja la mwaka wa pili ambalo aliyelifundisha alikuwa mhadhiri wa muda na ameshahamia kwingine. Mimi kabla ya kupeleka karatasi ya alama idarani huipiga picha, kila ukurasa, na anayepokea hunitilia sahihi kwenye daftari langu. Ni daftari la jalada jeusi, limechakaa pembeni, lina doa la chai kwenye semista nzima ya mwaka 2019. Limeshawaokoa wanafunzi 11. Hakuna warsha iliyonifundisha hilo. Nilifundishwa na karani mmoja mama mtu mzima, siku moja tukingoja mvua ipungue.

Wako wanaosema, "Sisi tulihangaika, acha nao wahangaike, ndiyo usomi." Nimewasikia, tena kwenye meza ya wakubwa. Kuhangaika na nadharia ngumu ni usomi, sikatai. Kutafuta ofisi ya kupeleka fomu ni kupoteza siku tu.

Risiti ya zile dola nimeichapisha, nikaibandika ukutani juu ya meza yangu. Wiki iliyopita mwalimu kijana wa idara yetu aliingia na simu mkononi, akaanza kunisomea: "Msomi mashuhuri..." Nikamwonyesha ukutani.

Akaisogelea, akasoma. "Ni hawa hawa, Daktari. Lakini mimi wananiambia 250."

"Wamepandisha," nikasema, nikamvutia kiti.