Nyota nyekundu ndiyo ya baridi

Mpwa wangu ana miaka sita, na hivi karibuni alinikatalia katakata. Nilimwambia nyota za buluu zina joto kali kuliko nyekundu. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyepotea njia. "Mjomba, bomba la maji ya moto lina alama ya rangi gani?" Nyekundu. "Na la baridi?" Buluu. "Haya, sasa?"

Kwa kweli nilifurahi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiona kwamba sisi watu wazima tunawaeleza watoto habari za nyota kwa kuanzia mwisho. Tunakimbilia mamilioni: Dunia milioni moja na laki tatu zingeenea ndani ya Jua, nyota fulani iko trilioni ngapi za kilomita kutoka hapa, na mtoto anaitikia "ehee" huku akili yake imeshatoka kwenda kucheza. Milioni kwake ni neno tu. Rangi anaijua, anaiona bila darubini, na kama tulivyoona, anaweza hata kukubishia.

Basi sikubishana. Nilichukua msumari mrefu, nikaubana kwa koleo, nikauweka kwenye moto yeye akiwa amesimama mbali. Kwanza haukuonyesha kitu, ni mweusi vilevile, ingawa ungekuunguza vibaya. Kisha ncha ikaanza kuwa nyekundu iliyofifia, halafu nyekundu hasa, halafu ikaelekea rangi ya chungwa. Nikamwambia kwamba kama moto wetu ungekuwa na nguvu zaidi, msumari ungepita njano ukawa mweupe. Nyekundu ilikuwa mwanzo wa safari. Alinyamaza, na kwake hilo si jambo dogo.

(Wengi hupenda kutumia mwali wa jiko la gesi: buluu ni moto mkali, nyekundu ni moto hafifu. Mimi naukwepa mfano huo. Buluu ya gesi inatokana hasa na kemia ya kuungua kwake, lakini chuma na nyota vinang'aa kwa sababu ya joto lenyewe.)

Ukishapata hilo, anga lote linasomeka. Tafuta kundinyota la Orion, lile lenye nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Jioni za Januari na Februari huonekana karibu kila pembe ya dunia. Upande mmoja wa mstari kuna Betelgeuse, nyekundu inayokaribia chungwa. Upande wa pili kuna Rigel, nyeupe yenye ubuluu. Uso wa Betelgeuse una nyuzijoto 3,300 hivi za Selsiasi, wa Jua letu 5,500, na wa Rigel unapita 11,000. Nyota nyingine nyingi zitaonekana nyeupe tu, kwa sababu macho yetu hayashiki rangi vizuri kwenye mwanga hafifu. Usimlazimishe mtoto aone rangi isiyoonekana.

Atauliza pia mbona hakuna nyota ya kijani. Swali zuri kuliko majibu mengi tunayowapa. Nyota haitoi rangi moja. Inatoa zote kwa pamoja, ila kwa vipimo tofauti. Ile inayotoa kijani kwa wingi zaidi inatoa pia nyekundu na buluu tele, na zikichanganyika jicho linaona nyeupe. Jua letu ni mojawapo. Ndiyo, Jua ni jeupe. Unjano wake unatokana na angahewa inayotawanya sehemu ya mwanga wa buluu kabla haujatufikia. Kwa hiyo mtoto anayechora Jua la njano anachora Jua pamoja na hewa yetu.

Na zile ncha tano za kwenye daftari? Walimu wengine huzifuta kwa kalamu nyekundu, eti nyota ni mpira wa gesi. Ni mpira kweli, na zile zinazozunguka kasi sana, kama Altair, zimebonyea kidogo juu na chini. Lakini lenzi ya jicho ina dosari ndogondogo zinazofanya nuru kali ionekane ina miale. Hata darubini ya James Webb huonyesha nyota zina ncha sita kubwa, kwa ajili ya umbo la vioo vyake. Mwache mtoto achore alichokiona, kisha mwambie ncha zimetoka wapi.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Tunasema nyota zinawaka, kama moto, kama taa. Mpwa wangu akauliza mara moja: "Nani aliiwasha?" Hakuna aliyewasha, wala hakuna kinachoungua kama kuni. Nyota ni gesi, hidrojeni kwa wingi na heliamu. Wingu kubwa la gesi lilijivuta lenyewe kwa uzito wake, likajibana, na kitu kikibanwa hivyo hupata joto. Joto la katikati lilipofika nyuzi milioni kumi hivi, viini vya hidrojeni vikaanza kuungana na kuwa heliamu, na nishati ikatoka. Ndani ya Jua kazi hiyo inaendelea kwa takribani miaka bilioni 4.6 sasa. Nilimwambia abane viganja vyake kwa nguvu zote asugue. "Vinapata moto!" Msuguano si kubanwa, najua, lakini alielewa kwamba joto linaweza kuja bila kiberiti.

Ukubwa niliuacha mwisho, na sikutaja milioni. Nilimpa shanga ya milimita 5: hii ni Dunia. Jua basi ni mpira wa upana wa nusu mita na ushee, umewekwa hatua themanini kutoka hapa. Tulizihesabu. Betelgeuse kwa kipimo hicho ingepita mita 300, kwa hiyo nyota "ya baridi" ndiyo jitu. Nyota iliyo jirani kabisa na Jua, Proxima Centauri, ingekuwa zaidi ya kilomita 15,000 kutoka kwetu, mbali kuliko upana wa Dunia yenyewe, ile halisi. Hapo hatua zilitushinda.

Usiku ule tulipoipata Betelgeuse aliinyooshea kidole. "Ile ya baridi. Tukifika tunaweza kuigusa?" Nikamkumbusha msumari wetu. Pale usingeyeyuka tu, ungechemka na kuwa mvuke. Alifikiri kidogo. "Basi ya buluu hata tusiende."