Madirisha mapya, maji ndani

Jamani haya madirisha ya plastiki hata hayajazoea ukuta tayari yananipa stresi. Mvua ikinyesha tu maji yanajaa kwenye reli ya chini halafu yanamwagikia ndani, kumbe fundi hakutoboa vile vitundu vya kutolea maji nje, na ule mpira wa kuzuia upepo kaukata mfupi, pale kwenye kona kidole kinapita kabisa! Plastiki inatanuka na joto, fundi mzima hujui hilo? Kaibana fremu ukutani bila nafasi hata kidogo, sasa mchana jua likiwaka dirisha halifungi mpaka ulisukume kwa bega. Ukimpigia eti "itajiseti yenyewe hiyo bosi". Itajiseti vipi na hela ushakula? Na nailoni ya juu hajabandua, imegandia, nakwangua kwa kucha.