Sijashtakiwa na mbuzi

Kwanza niweke mambo sawa: sijashtakiwa na mbuzi. Najua mshikaji wangu keshawatumia ujumbe wa sauti wa dakika sita kwenye kila kundi alilomo, na nusu yake ni kucheka mpaka anakohoa. Kesi hakuna. Kilichopo ni fedheha, na sehemu nzuri ya fedheha hiyo kaitengeneza yeye. Subirini, nitafika.

Gemu langu mnalijua. Mbuzi anaruka juu ya mapaa, akianguka unaanza upya. Ni la bure, unapakua unacheza, na pembeni kuna kitufe cha "changia ukipenda". Wale mliosema kitufe kikubwa kuliko mbuzi, niliwasikia.

Sasa sauti. Mimi kurekodi sijui. Maikrofoni yangu hata nikinyamaza inavuma kama jenereta. Kwa hiyo nikafanya kama wafanyavyo wenzangu, nikaingia mtandaoni kuokota sauti za bure. Nikampata mbuzi. Wadau, mbuzi yule! Mlio mfupi, una kiburi, unaishia juu kama wa mtu aliyedaiwa mbele za watu. Chini yake pameandikwa CC BY-NC.

Hapa naomba msiwahi kucheka. Hiyo BY niliisoma kwa Kiingereza cha darasani: "imetengenezwa na". Imetengenezwa na nani? Na NC. Nikasema safi, kumbe bwana mwenyewe anaitwa NC. Nikaendelea kuokota. Bati linalogongwa, BY-NC. Ngoma ya kufungulia, BY-NC. Upepo, BY-NC. Nikaanza kumwonea wivu: ngoma kapiga yeye, upepo wake, na mbuzi anaye. Nilipokuta kengele ya BY-NC-SA nikajua huyu ni wa ukoo uleule. Kwenye ukurasa wa shukrani nikaandika kwa heshima zote: "Sauti zote: Ndugu NC na familia yake."

Malizeni kwanza, nawasubiri.

Haya. Nikaongeza vitu viwili, vyote nikijiona nina akili. Cha kwanza, ukichangia unapewa mbuzi wa dhahabu. Cha pili, nikiwa laivu, kila mchango ukiingia, kibuzi cha pikseli kinashuka kutoka juu ya skrini kimebeba bango la ASANTE, na kinalia ule mlio. Hicho cha pili kishikeni.

Jumamosi niko laivu. Watazamaji 43, sijawahi kuwafikia. Naruka paa la tisa, dada mmoja anaandika kwenye gumzo: "Huyo mbuzi namjua."

Nikachangamka kama mtangazaji wa mpira: "Mnaona? Mbuzi wetu anajulikana kila kona!"

Akaandika tena: "Namjua kwa sababu ni mimi."

Nikamuuliza ndiye aliyemrekodi? Akasema hakuna mbuzi pale. Ni yeye mwenyewe analia, alikuwa akimbembeleza mtoto wake. Alirekodi kwa simu, akaiweka mtandaoni watu waitumie.

Mtu mwenye akili timamu angeomba radhi hapo hapo. Mimi nilitabasamu kwenye kamera, nikaweka mkono kifuani, nikasema: "Kumbe wewe ndiye NC! Nimefurahi sana kukufahamu."

Sekunde nne hakuna aliyeandika kitu. Nimeirudia video, nimezihesabu. Sekunde ya kwanza natabasamu. Ya pili natabasamu. Ya tatu bado natabasamu, ila jicho la kushoto limeanza kusoma upya ukurasa wangu wa shukrani. Ya nne, mbuzi wangu, ambaye nilishamsahau juu ya bati, anateleza taratibu na kuanguka. Halafu gumzo likafurika vicheko, vikapita haraka mpaka visisomeke.

Ujumbe wake ndio niliousoma: "Mdogo wangu, BY maana yake unitaje. NC maana yake usiitumie kibiashara."

Aliponiita mdogo wangu ndipo nilipozama zaidi. Nikakaa vizuri, nikajitetea.

"Dada, hili gemu ni la bure, sisi hapa hatufanyi biash—"

MEEE! ASANTE!

Mshikaji wangu kachangia. Kiasi kidogo kabisa ambacho mfumo unakubali.

"Samahani. Nasema, ule ni mchango wa hiari tu, hakuna anayelaz—"

MEEE! ASANTE!

"Mimi siuzi kitu cho—"

MEEE!

Mara saba. Na kila mara anayelia ni yule dada ninayebishana naye. Nikatafuta pa kuzima, mkono unatetemeka, nikabonyeza, nikazima kamera. Kwa hiyo wakabaki na skrini nyeusi, mtu anahema, na mbuzi anashukuru.

Kamera iliporudi, nikakuta swali lake limetulia pale: "Na huyo wa dhahabu, anapewa nani?"

Nikasema waliochangia.

"Mchango wenye zawadi, mdogo wangu, jina lake mauzo."

Nikakata laivu nikisingizia umeme. Gumzo lilibaki wazi, wakaniona nipo.

Usiku ule nilisoma leseni yote, kitu ambacho kingenichukua nusu saa miezi minane iliyopita. NC inakataza matumizi yanayolenga hasa faida ya kibiashara au malipo ya fedha, na haijali wewe ni kampuni au ni mtu na kompyuta yake kitandani; inaangalia umefanya nini na kitu cha mwenzako. Mchango mtupu, usio na zawadi, watu wanabishania. Creative Commons wenyewe, ndio hiyo CC, waliotunga leseni hizi, walitoa utafiti mzima mwaka 2009 kuhusu hilo neno "kibiashara" tu, na ubishi haujaisha. Mimi kwa mbuzi wangu wa dhahabu hata sikuwa na pa kubishia. Afadhali toleo la 4.0 la leseni hiyo: ukivunja masharti haki yako inakatika, ila ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue, inarudi yenyewe. Na kwenye tovuti za kuokotea vitu vya bure, kule OpenGameArt vya NC havipokelewi kabisa, na Freesound unaweza kuchuja sauti kwa leseni. Ningechuja, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Nikamwandikia kumwomba radhi, akanijibu vizuri kuliko nilivyostahili. Sauti zote za ukoo wa NC nimeziondoa, nimeweka za CC0, yaani zile ambazo mwenyewe kaziachia bila sharti lolote. Wa dhahabu sasa ni wa wote. Kitufe kipo, kimepunguzwa. Mshikaji wangu kadai arudishiwe michango yake saba, nimemrudishia, na kwenye simu yake nimesajiliwa Ndugu NC. Mkiniita hivyo siitiki.

Mlio mpya wa mbuzi nimelia mwenyewe, ndani ya kabati, nguo zimenifunika kichwa ili ile jenereta isisikike. Majaribio 31. Jana nikaupandisha kwa CC0, nikamtumia dada kiungo awe wa kwanza kuusikiliza.

Kajibu neno moja: "Ng'ombe?"