Buibui asiye na macho wa Kauai: anastahili jenasi ya peke yake?

Ukitaka kumtambua buibui mbwa-mwitu, mtazame usoni. Ana macho manane katika safu tatu: manne madogo chini, mawili makubwa juu yake, na mawili mengine nyuma zaidi kichwani. Ni alama kuu ya familia ya Lycosidae. Lakini katika mapango ya lava ya Koloa, kisiwani Kauai huko Hawaii, yupo mmoja wa familia hiyo asiye na hata jicho moja. Mwili wake una urefu wa kama sentimita 2, miguu yake ni ya rangi ya chungwa inayopitisha mwanga, na anawinda gizani bila kutega utando.

Mwaka 1973 mtaalamu wa buibui Willis Gertsch alimwita Adelocosa anops, akamwanzishia jenasi mpya (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ambayo mpaka leo haina spishi nyingine. Mwaka huohuo alimpa jina buibui mwingine wa mapangoni, wa kisiwa cha Hawaii, ambaye macho yake yamepungua tu. Huyo alimweka katika jenasi ya zamani, akawa Lycosa howarthi. Je, tofauti kati ya macho madogo na kutokuwa na macho kabisa inatosha kuwatenganisha hivyo?

Wanaomtetea Gertsch wana hoja nzito. Taya za buibui huyu zina jino moja kubwa kuliko la buibui mbwa-mwitu yeyote anayejulikana. Tena jike hutaga mayai 15 hadi 30 tu, ilhali jamaa zake wengi wa juu ya ardhi hutaga mamia.

Hata hivyo, mayai machache yenye watoto wakubwa ni jambo la kawaida kwa wanyama wa mapangoni, na kupofuka ni hivyohivyo. Samaki kipofu wa Meksiko alifunguliwa jenasi yake, Anoptichthys, mwaka 1936. Baadaye ikaonekana kwamba anazaana vizuri tu na samaki wa mtoni wenye macho, akarudishwa katika Astyanax. Giza linaweza kubadili umbo upesi kuliko linavyokata undugu. Kwangu mimi, hoja inayobaki imesimama ni lile jino, nalo peke yake ni ushahidi mwembamba.

Ila kumhamishia Lycosa nako ni kosa. Lycosa halisi ni ya nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, na uchunguzi wa DNA umeonyesha kuwa spishi nyingi za kwingineko zilirundikwa humo bila undugu wa karibu.

Suala hili lina uzito nje ya maabara pia. Marekani ilimwingiza katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 2000, na miongozo yake ya mwaka 1983 ya kupanga vipaumbele humtanguliza kiumbe aliye peke yake katika jenasi. Naelewa kwa nini mhifadhi angependa jina libaki. Lakini eneo lake lote ni kama kilomita za mraba 10 hivi, lenye ujenzi na viuatilifu, na windo lake, krasteshia mdogo wa mapangoni (mnyama wa jamii ya kamba na kaa), linategemea mizizi inayooza. Hatari hiyo haipungui akibadilishwa jina.

Ningeliacha jina la Adelocosa kwa sasa. Litakaloamua ni DNA yake kupimwa pamoja na ya buibui mbwa-mwitu wote wa Hawaii, kwanza kabisa wale wanaoishi juu ya ardhi hapohapo Kauai.