Walenga Shabaha Nao Wapewe Kiti Kwenye Bodi ya Silaha

Juzi redioni walikuwa wakijadili marekebisho ya sheria ya bunduki. Studioni kulikuwa na wakili, afisa mstaafu wa polisi, mhubiri na mwanaharakati. Walisema mengi ya maana. Kisha mtangazaji akauliza kuhusu wanaopiga risasi kama mchezo, na jibu halikuchukua hata nusu dakika: waachane nao, raia wa kawaida bunduki ya nini? Yakaja matangazo ya biashara, mada ikawa imezikwa. Kati ya wale wanne, hakuna aliyedai amewahi kukanyaga renji, uwanja wa kulengea shabaha.

Iliniuma. Uamuzi kuhusu mchezo wetu hufanywa hivi hivi kila mara, sisi wenyewe tukiwa nje ya mlango.

Asiyewahi kufika renji ya Kirigiti, kule Kiambu, siku ya mashindano hudhani ni fujo la watu na baruti. Nenda ukaone. Bastola haiguswi mpaka uamriwe. Ukimaliza zamu yako unachomoa magazini, unavuta slaidi nyuma, na msimamizi anasogea kuitazama chemba kwa macho yake. Akiridhika ni tupu ndipo unairudisha kwenye ala. Mtutu ukielekea watu walipo, mashindano yako yamekwisha siku hiyo, uwe mwenye kampuni au fundi wa magari, na hakuna wa kumpigia simu akutetee. Sijui ni wapi kwingine humu nchini raia mwenye silaha anatazamwa na macho mengi kiasi hicho.

Sasa angalia wanaoamua. Sheria yenyewe ya silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, ina umri tangu 1954, enzi za Mkoloni. Bodi ya Leseni za Silaha ililetwa na marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014, na humo wamo polisi, watu wa ujasusi, ofisi ya Mwanasheria Mkuu na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Sina ugomvi na hata mmoja wao. Lakini uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na bado wanyamapori wana mtu wa kuwasemea. Wanaolenga karatasi na vibao vya chuma hawana.

Matokeo yake unayaona kwenye risasi. Cheti cha kumiliki silaha huandika idadi ya risasi unayoruhusiwa kuwa nayo. Kwa mtu anayeweka bastola kabatini akimhofia mwizi, idadi ndogo yatosha. Kwa mshindani haitoshi kamwe: katika IDPA, mchezo wa kimataifa wa kulenga kwa bastola, kituo kimoja tu kinaweza kukutaka upige risasi 18, na mashindano yana vituo kadhaa, ukiacha mazoezi. Nilipomweleza afisa mmoja hivyo, aliniuliza nani ananitishia maisha. Nikamwambia hakuna, mimi nashindana. Akarudia swali lile lile. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na mahali pa kuandika jibu langu.

Na hapa ndipo ninapokasirika kweli, kwa sababu utaratibu wa aina hii unazaa mwenye leseni asiyejua silaha yake. Mtu anapewa bastola, anaifungia miaka, hajawahi kuifyatua chini ya uangalizi, halafu usiku wa taharuki anaichomoa mikono ikitetemeka mbele ya watoto wake. Huyo ndiye wa kumwogopa. Anayefanya mazoezi kila mara anazuiwa, asiyefanya anaachwa. Kama lengo ni usalama wa umma, tumelishika kichwa chini miguu juu.

Ujerumani wameliona hili. Kule anayetaka bunduki ya mchezo lazima awe mwanachama wa klabu na awe amefanya mazoezi ya mara kwa mara kwa angalau miezi 12, kisha chama chake ndicho kinathibitisha kwamba anaihitaji. Sheria yao ni kali, na imekazwa zaidi baada ya mauaji ya shuleni Erfurt 2002 na Winnenden 2009. Lakini klabu ni sehemu ya ukali huo. Mwanachama akianza kubadilika tabia, wenzake wa renji ndio watakaomwona mapema, kabla ya faili lolote.

Kuna njia nyingine, ya Uingereza. Baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa Dunblane mwaka 1996, karibu bastola zote zilipigwa marufuku, na washindani wao wakalazimika kwenda kufanya mazoezi nje ya nchi. Mbele ya wazazi wale sina la kubishana. Ila sitaki tungoje msiba ndipo tuongee.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo wenye leseni wanaotuaibisha: wanaofyatua hewani harusini, wanaotisha watu kwenye baa, na, baya kuliko yote, wanaowaua wake zao. Hao wanyang'anywe, na vilabu viwe vya kwanza kuwataja. Nakubali pia kwamba shambulio la kigaidi la Westgate, jengo la maduka Nairobi, si hoja yetu. Raia wenye leseni walioingia mle Septemba 2013 kuokoa watu walikuwa mashujaa, lakini renji si ya kuandaa vita.

Disemba 2018 serikali iliamuru wenye leseni wote wakaguliwe upya, tena kwa muda mfupi. Tulipanga foleni kila mtu kivyake, bila sauti moja. Kosa hilo ni letu, si la serikali.

Kwa hiyo vilabu vikae pamoja mwaka huu na kukubaliana mambo matatu: kiti kimoja cha walenga shabaha kwenye Bodi, aina ya cheti cha mchezo yenye idadi yake ya risasi, na wajibu wa klabu kutoa taarifa za mahudhurio na mwenendo wa wanachama. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge kushirikisha umma. Yaandikwe, yasainiwe na kila klabu, yapelekwe kwa Karani wa Bunge la Taifa kabla mswada haujaingia kamatini.