Nembo Nne Tu, Baba Zuhura

Mimi kazi yangu ni kuchora nembo, mabango, kadi za harusi na zile lebo za sabuni ya maji ambazo kina mama wanabandika kwenye chupa zilizowahi kuwa za maji ya kunywa. Nimejiajiri. Mama mkwe akiulizwa mkwewe anafanya kazi gani, anajibu, "Yupo tu nyumbani na kompyuta," kwa sauti ile ile ambayo watu husema fulani bado yupo wodini.

Ofisi ni sebule yetu hapa Mabibo. Meza imekaa kati ya kochi na pipa la maji, na mama Zuhura ndiye mhasibu, mapokezi na mlinzi. Kwa miaka sita nimeendesha biashara hii bila mtu yeyote kuijua bei yangu, mimi mwenyewe nikiwemo.

Na siko peke yangu. Ingia mtandaoni uone. Mtu anauza viatu, kapiga picha kumi, mpaka soli unaiona, bei: njoo inbox. Keki: njoo inbox. Kuna dada nilimkuta anauza karanga za kukaanga, zile za kwenye kikopo, njoo inbox. Dada yangu, karanga! Sasa huko inbox tunakuja kujadili nini, urithi?

Lakini kabla sijamcheka sana, acha niseme ya kwangu. Bei yangu haikuwa kwenye kazi, ilikuwa usoni kwa anayeuliza. Mteja akiniandikia, kabla sijaitikia salamu nafungua picha yake. Kasimama pembeni ya gari: laki mbili. Ila nachunguza. Gari la mtu unalijua tu, aliyepigwa picha hajaliegemea, kasimama kama anaogopa king'ora kitalia. Huyo elfu themanini. Akianza na "Mambo bro", laki moja. Akianza na "Tunaomba profoma", natafuta kwanza kiti nikae vizuri, ndipo nianze kupanda. Na akianza na "Shikamoo kaka", basi tena, mtoto wa watu kaniheshimu, nashuka mpaka hamsini na roho inanisuta kwamba nimemlalia.

Utaratibu huu ulikwenda vizuri mpaka ulipokutana na VICOBA. Kulikuwa na kina mama wawili wa sabuni. Mmoja nilimchorea lebo kwa elfu hamsini. Mwenzake, ambaye picha yake ilikuwa mbele ya hoteli Zanzibar (kumbe alikwenda msibani, hoteli alikuwa anapita), nikamtoza laki na ishirini. Sikujua kwamba wapo kikundi kimoja, wanakutana kila Jumamosi, na kwamba baada ya hisa na marejesho kuna ajenda ya mengineyo. Jumamosi hiyo mengineyo nilikuwa mimi.

Walikuja wote wawili. Hawakugomba, na hiyo ndiyo ilinitisha. Waliketi kwenye kochi, wakakataa chai, wakaweka chupa mbili mezani, sabuni ya kijani na sabuni ya kijani. Mkubwa wao akasema, "Mwanetu, macho yetu ya kizee. Hebu tuoneshe, sabini elfu iko wapi hapa?"

Nikaziangalia zile lebo. Nikazigeuza. Mama Zuhura naye akatoka chumbani akasimama nyuma yangu kuangalia sabini iko wapi, maana na yeye hakuwahi kuiona.

Nilirudisha thelathini, nikaahidi lebo ya pili bure. Usiku ule ule nikampigia mpwa wangu, yupo chuo anasoma biashara, ndiye aliyenitengenezea tovuti. "Anko," akasema, "si nilikwambia? Andika bei. Asiyeimudu atapita kimya kimya, hatakupotezea muda." Akanipa na historia. Eti Uingereza, karne ya 17, kulikuwa na watu wa dini wanaoitwa Waquaker, waliona kupatana bei ni dhambi, kwa sababu ukitaja bei ambayo mwenyewe huna nia ya kuuzia, umeshasema uongo. Wakaweka bei moja kwa kila mtu. Hata ukimtuma mtoto dukani, anauziwa kama mtu mzima. Na biashara zao zikanawiri!

Nikamwambia hao wazee walibahatika hawakuzaliwa Kariakoo. Mtu wa Mtaa wa Kongo akianza kusema kweli saa mbili asubuhi, saa nne anatafuta nauli ya kurudi kijijini.

Lakini maneno yake yaliniingia. Kesho yake nikatembea mtaani nikiangalia nani anaandika bei na nani haandiki. Kinyozi kaandika ukutani: mkubwa, mtoto, ndevu, kila kimoja na chake. Mama ntilie kaandika kwa chaki. Gesti wameandika, na pale ndipo mahali ambapo mteja angependa kuliko wote mambo yabaki kimya. Daladala nauli imepangwa na LATRA, konda haulizi umevaa nini. Hata petroli, yenye mambo ya dola na meli, EWURA inatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, inaanza saa 6:01 usiku, na kila kituo kinabandika bango kubwa barabarani ulie ukiwa bado mbali.

Nikageukia upande wa wasioandika. Fundi magari: "Ngoja tulifungue kwanza." Dalali. Halafu nikainua macho kwenye nguzo ya umeme, nikasoma tangazo la mganga. Kaandika yote. Mvuto wa mapenzi, kurudisha mali iliyopotea, cheo kazini, kesi, nguvu za kiume, namba ya simu kubwa kuliko jina. Bei hakuna. Nikasimama pale chini ya nguzo, nikaona hali halisi: mimi na huyu mzee tupo timu moja. Tena yeye ananizidi, angalau anaahidi majibu ndani ya siku tatu.

Nikaandika bei. Nembo 150,000. Lebo 50,000. Kadi ya harusi 40,000. Bango 60,000. Kwa tarakimu, hadharani, kwenye tovuti na kwenye ukurasa, nikalala usingizi wa Mquaker.

Asubuhi ujumbe wa kwanza uliingia saa kumi na mbili na nusu. Nikaruka. Alikuwa baba mwenye nyumba.

"Baba Zuhura, nimeona kazi zako. Hongera sana. Kumbe nembo moja laki na nusu?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo mzee, ila..."

"Sasa nimekaa hapa na kikokotoo. Kodi yangu ni laki kwa mwezi. Miezi sita unayodaiwa ni laki sita. Hizo ni nembo nne tu, Baba Zuhura. Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa unapumzika."

Jamani, jambo moja hakuna aliyeniambia kuhusu kuandika bei. Wateja hawasomi. Wanaosoma ni wanaokudai. Wiki ile ya kwanza nilitembelewa na mwenye nyumba, shemeji yangu wa Morogoro, mwalimu wa tuisheni wa Zuhura, na kamati mbili za harusi. Hao wa kamati ndio hatari, kwa sababu na wao ni watu wa bei ya kuandika, kadi yao inakuja imeshachapwa single kiasi fulani na double kiasi fulani, huna pa kupenyea. Nilikuwa nimeahidi single. Mwenyekiti akapiga simu, akasema kamati imepitia tovuti yangu ikajiridhisha, nimepandishwa double. Tena kwa kuwa ni ndugu, kadi zote niwachoree mimi, iwe baraka zangu. Nikasema, "Sasa si tuhesabu hizo kadi ndiyo mchango?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka, usiifanye harusi iwe biashara." Single na double zimechapwa, mimi ndiye ninayeifanya biashara.

Nyumbani nako pakaharibika. Mama Zuhura, ambaye miaka yote alihesabu kwa shilingi kama Watanzania wengine, akahamia sarafu mpya. Sare ya shule ikawa theluthi ya nembo. Mtungi mkubwa wa gesi, lebo moja na chenji. Siku moja namkuta anaongea na dada yake kwenye simu: "Hapana, ile kabati ni nembo mbili, tunangoja tu." Mnangoja nani? Mchoraji ni mimi, na mteja hayupo!

Mteja wa kweli alikuja siku ya tisa. "Kiongozi, nimeona bei kwenye tovuti."

Moyo ukadunda. "Ndiyo bosi, karibu."

"Sasa bei yenyewe ngapi?"

"Laki na nusu, kama ulivyoona."

"Hiyo nimeona. Nauliza bei."

Tulizunguka hapo nusu saa. Kwake tarakimu zile zilikuwa picha tu, kama ua ukutani. Mwisho akaniambia, "Ngoja nijipange, nitakucheki," na kila aliyejiajiri anajua kwamba hayo ni maziko. Ukiambiwa nitakucheki, toa mkeka nje, kaa na ndugu.

Wakaja watu wa ofisi moja, wanataka nembo, hawakuomba punguzo hata shilingi. Nikashuku. Nikafanya kazi, nikapeleka, wakasaini, wakaingiza pesa: 142,500. Nikapiga simu, nikidhani mtandao umekata. Mhasibu akasema kwa upole kabisa, "Hiyo ni kodi ya zuio, asilimia 5, huduma zote tunakata." Sheria ipo, sina ubishi. Ubishi wangu ni kwamba kwenye inbox ningepata nafasi ya kuuliza nyinyi ni nani, nikaongeza kidogo kabla hamjakata. Bei ya hadharani haina mdomo. Imekaa pale imetoa macho, kila mtu anaichuna ubavu.

Na kuna kijana wa Sinza, hatujuani, anachora kama mimi. Wiki mbili baada ya tangazo langu na yeye akaandika bei. Nembo: 145,000. Lebo: 45,000. Bango: 55,000. Hakujisumbua kufikiri, kachukua karatasi yangu, katoa elfu tano tano kama mtu anayechambua mchele. Miaka sita nilikuwa siijui bei yangu, sasa inajulikana hadi Sinza.

Mpwa akasema tatizo ni namna nilivyoandika. "Anko, weka 'kuanzia'. Nembo kuanzia 30,000. Wakiingia, unawapandisha taratibu kulingana na kazi." Nikaona kitoto kina akili. Nikaweka kuanzia.

Siku hiyo hiyo akaja jamaa anafungua duka la vifaa vya simu. Anataka nembo, bango la mita tatu, kadi za biashara mia mbili na kile kivideo ambacho nembo inazunguka halafu inatoa moshi. Nikamwambia jumla itakaribia laki nne.

"Umeandika mwenyewe elfu thelathini."

"Nimeandika kuanzia elfu thelathini."

"Ndiyo," akasema, kanikazia macho. "Nakupa thelathini. Anza."

Sikuwa na jibu. Kwa Kiswahili alikuwa sahihi. Nikaanza, mwenzenu, nimeanza tangu mwezi uliopita, kila nikitaka kumaliza ananikumbusha kwamba moshi haujakolea.

Mama Zuhura akaniambia, baada ya kunisikiliza nikilalamika chakula chote cha usiku, kwamba hata kwao bei haikubandikwa mlangoni. Wazee wangu walikwenda na mshenga, wakarudi, wakaenda tena, wakakaa na kahawa, watu wakasemezana mpaka wakafika. "Wangekutajia getini," akasema, "ungekuwa kwenu mpaka leo." Hapo sikuelewa kama ananifariji au ananikumbusha deni, maana mahari yenyewe bado ina kipande.

Juzi usiku nimefuta zote. Nembo, lebo, kadi, bango, na lile kuanzia nimelifuta mara mbili kuhakikisha. Nimerudisha maneno yangu ya zamani, njoo inbox. Nikazima taa, nikahisi mwili mwepesi kama mtu aliyefungua mkanda.

Simu ikawaka.

"Baba Zuhura, naona umetoa bei. Umepandisha?"

"Hapana mzee, shikamoo. Nimerudi utaratibu wa zamani tu, kwamba kila kazi tunaangalia na mtu mwenyewe, maongezi yapo."

Akakaa muda. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika.

"Nimeupenda huo utaratibu. Kodi ya kuanzia mwezi ujao na wewe njoo inbox."